Yule Dada wa Kijapani na Saa ya Mama

Kila nikiwasha gari langu, dada mmoja wa Kijapani huniambia maneno. Sauti yake laini, ya adabu, kama ya mtu wa mapokezi kwenye hoteli ya bei mbaya. Kwa karibu miaka miwili sikujua anasema nini. Jirani yangu alishikilia kwamba anataja tarehe. Fundi umeme akasema anakumbusha mkanda. Mama yangu, ambaye Jumapili hukaa kiti cha mbele tukienda kanisani, aliamua zamani kwamba ni salamu, na huwa anaitikia: "Asante mwanangu, na wewe pia."

Siku moja kwenye foleni ya Mwenge, magari yamesimama kama yameegeshwa, nikachoka na ujinga wangu. Nikazima gari, nikafungua programu ya kutafsiri kwenye simu, nikaisogeza karibu na dashibodi, nikawasha tena. Dada alikuwa anasema: kadi ya ETC haijaingizwa.

ETC ni mfumo wa Japani wa kulipia barabara za kasi. Unachomeka kadi kwenye gari, geti linakutambua, unapita bila kusimama. Kumbe kila asubuhi dada wa watu alikuwa ananidai kadi ya kupitia kwenye barabara zilizoko zaidi ya kilomita elfu kumi kutoka Goba ninakoishi. Na sisi kwa kadi hatujambo: kadi ya gari, kadi ya kliniki, kadi za michango ya harusi tatu kwa mwezi. Yake tu ndiyo sina.

Nilicheka peke yangu mpaka dereva wa daladala pembeni akaniangalia. Baadaye ndipo nikaona jambo lenyewe lilivyo: ilibidi simu iwe mkalimani kati yangu na gari langu mwenyewe.

Miezi michache baadaye betri ilikufa. Fundi akaweka mpya, injini ikaunguruma vizuri, ila redio ikaamka na skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa Kijapani. Simu tena kazini: ingiza kadi ya SD ya ramani. (Na huyu naye kadi!) Redio nyingi za aina ile zimetengenezwa hivyo kama kinga ya wizi. Umeme ukikatika kabisa, haziamki mpaka zione kadi ya ramani iliyotoka nazo kiwandani. Kadi yangu sijui ilichomolewa wapi, labda bandarini, labda na aliyeniuzia, aliyetaka kuweka nyimbo zake. Redio ilipojifunga iliondoka na kamera ya nyuma, kwa sababu picha ya kamera ilikuwa inapitia skrini hiyohiyo.

Kusema kweli sikupoteza mengi. Ramani ya redio ile ilikuwa haijui Afrika. Alama ya gari ilikaa katikati ya buluu tupu, kama mtumbwi uliokatika kamba. Televisheni yake ilitafuta mawimbi ya Japani, ambayo hayafanani na ya ving'amuzi vyetu, kwa hiyo ilitafuta milele. FM ya Japani ya miaka ile inaanzia 76 na kuishia 90, wakati yetu inapanda mpaka 108, basi nilikuwa nasikiliza stesheni chache zilizojibana pale chini. Wapo wanaofunga ekspanda, kidude kinachoshusha namba: ukifunga ya kushusha 12, stesheni ya 98 unaikuta 86. Nilipanda na mtu mwenye gari la hivyo, akaniambia tafuta 98, nikahangaika mpaka kituo cha Morocco ndipo akakumbuka kunifafanulia.

Nilichokikosa ni saa.

Hii inahitaji maelezo kidogo. Saa ya redio ile ilikuwa inafuata Japani na haikubali kubadilishwa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Sasa piga hesabu. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, Tokyo ni saa saba mchana, na kwenye skrini imeandikwa 1:00. Hapa saa tatu, skrini inasema 3:00. Wajapani wale, bila kumuuliza mtu, walikuwa wametuletea gari lenye saa ya Kiswahili. Mama alikuwa anaisoma kama ilivyo, bila kile kitendo cha kutoa sita ambacho sisi wengine tumekizoea mpaka hatukioni. Aliipenda saa ile kuliko kitu chochote ndani ya gari.

Basi kwa wiki tatu nikaendesha na tundu la redio lililokufa, simu ikiwa kwenye holda ya kubana kwenye kiyoyozi, huku nikiuliza kila dereva niliyepanda naye: gari liungane na simu, au simu ibaki simu?

Wa kwanza alikuwa mdogo wangu, anayebeba abiria wa mtandaoni na gari la tajiri. Nilidhani yeye ndiye atatamani skrini kubwa, maana siku nzima anaishi ndani ya ramani. Akanicheka. "Dada, skrini ya nini? Redio ni ya tajiri, simu ni yangu. Tukigombana kesho juu ya hesabu, mimi nashuka na simu yangu na wateja wangu wote wamo." Ana simu mbili, moja ya programu ya kazi, nyingine ya kuongea na abiria wasiojua kueleza waliposimama. Zamani zote zilikuwa kwenye kioo cha mbele. Ameshajifunza kwamba jua la Februari likiipiga simu kwenye kioo cha mbele, mwanga wa skrini unafifia wenyewe na chaji inagoma, ndiyo maana ameshusha holda mpaka kwenye tundu la kiyoyozi. Simu inapulizwa kwanza, abiria baadaye. Anajua pia kwamba kioo cha dirisha kikiwa chini kwenye foleni, mkono wa kibaka unaingia, na simu ya kwenye holda ndiyo embe lililoiva. Imeshamtokea mara moja. Bado hataki skrini.

Shemeji yangu ni kinyume chake. Yeye ana gari jipya kidogo, lenye CarPlay, mfumo wa Apple wa kuleta iPhone kwenye skrini ya gari. Simu iko mfukoni, anakaa, skrini inawaka na ramani, kitabu cha namba na nyimbo zake zote. "Shem, nimesahau kabisa mambo ya waya," ananiambia, mtindo wa mtu aliyehama nyumba ya kupanga. Nilipanda naye kutoka Mbezi mpaka Posta, na nakiri nilitamani. Simu yake imejificha, kibaka hana cha kuona, mikono iko kwenye usukani. Tatizo likaja ujumbe ulipoingia. Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, haina Kiswahili. Mke wake, yaani dada yangu, alikuwa ameandika "nipitie sokoni uchukue nazi mbili," na sauti ile ya Kiingereza ikausoma kwa ujasiri wote, kila irabu ikiwa imepinda, nazi ikitamkwa kama chama cha Hitler. Shemeji akaniangalia. "Unaona? Huwa naegesha pembeni nisome mwenyewe." Na kumjibu kwa sauti haiwezekani, labda useme kwa Kiingereza, na nani anamwandikia mkewe kuhusu nazi kwa Kiingereza?

Huwa nasikia watu wakisema teknolojia hii imekuja ili dereva asiguse kitu. Kwa mwenye Kiingereza, sawa. Kwa sisi, nusu ya faida yake imebaki mlangoni, kwa sababu sehemu iliyo salama zaidi, ile ya kuongea, ndiyo haijatujua.

Jirani yangu mzee, aliyeendesha malori ya Tunduma mpaka Lusaka kwa miaka mingi, hakutaka hata nimalize swali. "Mwanangu, redio ina kitufe cha kuzungusha. Mkono unakijua kilipo, jicho linabaki barabarani. Skrini haina alama ya kupapasa." Nikamtajia jaribio la gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, la mwaka 2022. Walichukua magari mapya yenye skrini na Volvo moja ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida, wakawapa madereva kazi ndogondogo, kama kubadilisha stesheni na kuwasha joto la kiti, wakiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo kuukuu kazi zote ziliisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye gari lililoshika mkia, MG Marvel R, zilichukua karibu sekunde 45, gari likiwa limekwenda mita 1,372. Mzee hakushangaa. Aliniuliza tu waliolipwa kufanya jaribio hilo ni akina nani, kwa sababu yeye angewaambia bure.

Lakini mzee huyohuyo, nilipomkuta wiki iliyofuata, alikuwa anaendesha na simu imebanwa kati ya bega na sikio. Sikusema kitu. Yeye ni mzee.

Hapo ndipo nikaenda eneo la Gerezani kwa fundi redio. Kibanda chake kina ukuta mzima wa skrini za inchi 9 na inchi 10, zote zimewaka, zote zinaonyesha gari jekundu la mbio. Akaniuliza gari gani, akachomoa fremu ya plastiki inayolingana na dashibodi yangu bila hata kuangalia jina, kama muuza mitumba anayejua kiuno chako.

"Dada, kuna redio za aina mbili. Kuna Android kamili, yenyewe ni kama simu kubwa, inaweka programu, unaiwashia bando, watoto wanaangalia katuni. Na kuna hii inayopokea simu."

"Ipi nzuri?"

"Kamili inauzika zaidi." Akanyamaza, akafuta vumbi kwenye skrini moja. "Lakini zinazorudi ni hizo kamili."

Huyu ni mfanyabiashara aliyeniambia jambo linalompunguzia mauzo, nikaketi nimsikilize. Alisema Android kamili ya bei rahisi inaandikwa ina kumbukumbu kubwa kumbe ni ndogo. Mwaka wa kwanza inakimbia, wa pili inachechemea, wa tatu programu zinakataa kufunguka kwa sababu mfumo wake hauwezi kusasishwa. Ile inayopokea simu haina akili za kuzeeka. Ubongo wote unabaki kwenye simu. Simu inachora ramani, inacheza wimbo, inatuma picha kwenye skrini kama video, na skrini inarudisha habari chache tu, hasa kwamba kidole kimegusa hapa. Bila waya ni vilevile, Bluetooth inawakutanisha, kisha picha inapita kwa Wi-Fi. Ukibadilisha simu, gari nalo limebadilika.

Akanipa na siri ya kazi. Wateja wengi wanaorudi wakilalamika kwamba Android Auto, ndugu wa CarPlay kwa simu za Android, haishiki, redio yao ni nzima, ni waya. Waya wa USB una nyaya za umeme na nyaya za data ndani yake. Ile ya bei ya chini inayouzwa foleni za Ubungo mara nyingi ina za umeme peke yake. Simu inachaji, taa inawaka, mteja anaapa waya ni mzima. "Namwuzia waya wangu, anaondoka ananiombea dua."

Nilipotoka pale, nikiwa nimekata shauri, ndipo yale niliyokuwa nayasoma kuhusu mabishano ya Wazungu yakaanza kunihusu. CarPlay ilionyeshwa Geneva mwaka 2014. Android Auto ikaingia sokoni mwaka uliofuata. Toyota, ambayo ndiyo imejaa barabarani kwetu, ilikaa pembeni, ikaanza kuzipokea mwishoni mwa muongo ule, na kule Japani ni Corolla ya mwaka 2019 iliyokuja na skrini ya kupokea simu kama kitu cha kawaida. Ndiyo hayo sasa yanashuka bandarini, hasa Mombasa, maana Kenya hairuhusu gari lililotumika likizidi miaka minane. Kwa hiyo wakati sisi tunaanza kuonja, wenzetu wameshaanza kugombana. Mwaka 2023 General Motors ya Marekani ilitangaza kwamba magari yake mapya ya umeme hayatapokea tena CarPlay wala Android Auto, kuanzia na Chevrolet Blazer ya umeme. Yatakuwa na mfumo wake yenyewe. Tesla iliyakataa toka zamani. BMW, kabla ya kuona aibu mwaka 2019, ilikuwa inawatoza Wamarekani dola 80 kwa mwaka ili simu yao iruhusiwe kuonekana kwenye skrini waliyokwisha kuilipia.

Madereva wa huko wanabishana wakiwa na hasira ya mtu anayenunua gari jipya: nani anamiliki mazungumzo yangu, kampuni ya simu au kampuni ya gari? Swali zuri. Langu ni la mtu mwingine, mmiliki wa tatu. Gari linazaliwa Nagoya, linatumika miaka kumi, linapigwa mnada, linapanda meli, linafika kwangu. Vyuma vyake bado vizima. Kilichokufa ni ile sehemu iliyoitwa ya kisasa: ramani, televisheni, kadi, lugha. Nissan Leaf za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2016 zilipoteza huduma ya programu yake mwaka 2024, kwa sababu vifaa vyake vilitegemea mtandao wa 2G uliokuwa unaelekea kuzimwa. Gari linatembea, betri inachaji, ila programu ya kuliamuru kutoka kitandani imekwisha. Na hapo ni Uingereza, kwa wenyewe.

Sasa nifikirie gari lenye mfumo wake binafsi, unaotaka akaunti, malipo ya mwezi na seva ya kiwandani, likishuka Dar baada ya miaka kumi. Ni yule dada wa Kijapani tena, safari hii anadai kadi kwenye kila kitu mpaka kiyoyozi. Nikiulizwa mimi, skrini bora kwa gari litakalofika Afrika Mashariki ni ile iliyo mjinga. Inayosubiri simu. Shemeji anadhani nimezidisha. Yeye ni mmiliki wa kwanza.

Nikafunga ile ya kupokea simu. Laki mbili na nusu pamoja na ufundi, na kamera ya nyuma ikafufuka.

Isidhaniwe kwamba naiimbia sifa. Machi 2020 shirika la usalama barabarani la Uingereza, IAM RoadSmart, lilitoa matokeo ya jaribio kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji. Madereva waliogusa skrini ya CarPlay walichelewa kushtuka kwa asilimia 57 zaidi, na wa Android Auto asilimia 53. Waliotumia sauti walichelewa kwa asilimia 36 na 30. Aliyekunywa pombe hadi kiwango cha sheria ya kule ni asilimia 12. Ukiziangalia namba hizo unaweza kudhani afadhali bia. Lakini miaka miwili kabla, utafiti wa taasisi ya chama cha madereva cha Marekani, AAA, ulikuta kwamba mifumo hii ya simu inamaliza kazi haraka kuliko mifumo ya magari yenyewe: sekunde tano pungufu kupiga simu, sekunde 15 pungufu kuingiza mahali unakokwenda. Yaani ya simu ni mbaya, na ya kiwandani ni mbaya zaidi.

Mimi sikuhitaji mashine. Wiki ya kwanza, Bagamoyo Road, nilinyoosha kidole kuruka wimbo mmoja. Wimbo mmoja tu. Nilipoinua macho bodaboda na abiria wake, mama mwenye kapu, walikuwa mbele ya boneti, na breki zililia mpaka watu wa kituoni wakageuka. Hakuguswa mtu. Yule mama hakunitukana, alinitazama tu. Tangu hapo napanga safari nzima gari likiwa limesimama, na wimbo usionifurahisha nauvumilia mpaka uishe.

Jumapili iliyofuata mama akaja. Akafunga mkanda, nikawasha. Kile kidude cha ETC fundi hakukigusa, kimejificha chini ya dashibodi na kina umeme wake, kwa hiyo dada akasema yake na mama akaitikia kama kawaida. Halafu akaitazama skrini mpya kwa muda mrefu. Ramani ya Dar nzima ipo, mtaa wetu upo, mpaka duka la mangi lipo.

"Saa imefanya nini?"

"Imefanya nini mama?"

"Inasema saba na dakika ishirini. Tumechelewa ibada?"

Nikamweleza kwamba ni saa moja na dakika ishirini, ila sasa inafuata simu. Akasema anajua kutoa sita, hakwenda shule bure, ila ya mwanzo alikuwa haitoi kitu. Tukaenda kimya mpaka Makongo.

Jioni nilikaa na ile redio. Simu ikiwa imeunganishwa, saa ni ya simu, huna ujanja. Lakini ukichomoa waya, redio inarudi kwenye saa yake yenyewe, na hiyo unaipanga utakavyo. Nikaingia kwenye orodha ya miji, nikashuka mpaka Tokyo, nikabonyeza. Siku hizi Jumapili simu inakaa kwenye mkoba kiti cha nyuma, na njia ya kanisani naijua.